Kanisa na mine, safari moja



Kule Ubelgiji kuko muji mudogo, jina lake Spa. Watu wanaenda kule juu ya maji yenye kutoka katika udongo na yenye chuma ndani. Wanayakunywa, wanayaoga, wanatafuta afya. Lakini mugeni hawezi kuoga tangu asubuhi mpaka jioni. Njo maana kuko safari za siku moja: asubuhi anapanda bisi, kiongozi anamueleza historia, jioni anarudi.

Anapelekwa wapi? Stavelot, kuona abasia iliyoanzishwa na mutakatifu Remacle katika miaka ya 600. Banneux, mahali mutoto Mariette Beco, wa miaka 11, alisema aliona Mama Maria mara 8 mwaka 1933. Bikira wa Maskini, Wakatoliki wengi wa hapa kwetu wanalijua jina hilo. Akisukuma mbele kidogo, anafika Blegny.

Blegny si kanisa. Ni mine ya makaa ya mawe. Iliacha kutoa makaa mwaka 1980, na mwaka ule ule ikafunguliwa kwa wageni. Wanavaa koti na kofia ya kazi, wanaingia katika kaji, wanashuka chini ya udongo. Wachimbaji wa zamani wenyewe njo walikuwa wanawaongoza. Mwaka 2012 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia, pamoja na Bois du Cazier, mahali wachimbaji 262 walikufa tarehe 8 Agosti 1956.

Tuelewane: mahali mutu aliomba Mungu na mahali mutu alitoka jasho, vyote viwili ni historia.

Na sisi Lubumbashi? Shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa mwaka 1911. Cheminée ya Gécamines inaonekana toka mbali. Kathedrali ya Petro na Paulo iko, musée iko. Na tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walioomba mushahara uongezwe walipigwa masasi. Léonard Mpoyi alikufa siku ile. Hayo yote yanaenea katika siku moja, bila kwenda mbali.

Nani ataeleza? Wazee wetu. Zaidi ya wafanyakazi 10.000 walitoka Gécamines kwa « départ volontaire » ya 2003 na 2004. Wanajua shimo, wanajua foro, wanajua mahali rafiki alianguka. Leo wengi wanakaa tu katika lupango. Kila muzee tunamuzika, tunazika na kitabu ambacho hakuna mutu alikiandika.

Kuko wenye watasema: njaa kwanza, historia nyuma. Apana. Ni ya njaa vilevile, kwa sababu kiongozi analipwa. Lakini tuangalie: wasilete kijana wa agence ambaye hajashika pauro hata siku moja, halafu muzee abakie kwenye mulango.

Tunaomba mambo matatu. Sendika ziandike majina ya wazee wenye kujua kueleza. Makampuni na muji wafungue milango hata siku moja kwa mwezi, na usalama ukiwa umepangwa vizuri. Masomo na maparokia yalete watoto kwanza, mbele ya watalii.

Mutoto akijua baba yake alijenga nini, siku ya kuuliza haki yake hatatetemeka.