Tovuti za mawakili: somo la bure au kibao cha duka?

Katika safari yangu ya karibuni kule ziwani nilipitia Homa Bay na Migori. Pale Homa Bay, mama mmoja muuza omena aliposikia lafudhi yangu alinipa simu yake. "Wewe ni mtu wa Mombasa, Kiswahili ni chenu. Hebu nisomee hii."

Ilikuwa makala ya mirathi, kwa Kiingereza, kutoka tovuti ya mawakili wa Nairobi. Mumewe amefariki, na shemeji yake ameshaanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Nikamfasiria: hakuna ruhusa ya kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijamteua msimamizi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi chasema anayeiingilia mali hiyo anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, kutozwa faini, au vyote viwili.

Lakini nani wa kwanza kuomba usimamizi? Jibu lilikuwa ukurasa mwingine, na huo ukatupeleka wa tatu. Bando lake likaisha, tukamalizia kwa simu yangu. Kifungu cha 66: mahakama humtanguliza mume au mke aliyebaki. Chini kabisa paliandikwa "piga simu kwa ushauri". Mama akaniuliza, "Sasa hawa ni serikali?"

Nikamwambia, "La mama, ni mawakili wanatafuta wateja." Swali lake ndilo limenifanya niandike.

Mtindo huu umeenea. Kampuni ya mawakili huchagua mada moja, iwe mirathi, ardhi, ajira au ajali. Huandika ukurasa mkuu mrefu, kisha huuzungushia makala fupi fupi, kila moja ikijibu swali moja na kumwelekeza msomaji kwa nyingine. Google ikiona tovuti imeichimba mada kwa kina, huipandisha juu. Mwenye shida huandika swali lake, hufika pale, husoma, huamini, kisha hupiga simu. Hapo hakuna ulaghai. Wakili ametoa elimu naye amepata mteja.

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sheria ya Kenya kwa miaka mingi ilifuata msemo huo kwa kuwakataza mawakili kujitangaza. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua kwamba marufuku ya jumla namna ile yakiuka Katiba. Kanuni za mwaka 2014 zikaruhusu matangazo kwa mipaka. Mimi nayaunga mkono mabadiliko hayo. Kifungu cha 48 cha Katiba chaahidi kila mtu kuifikia haki, na huwezi kuifikia usiyoijua. Hata hivyo nina malalamiko matatu.

Kwanza, mada hufuata mfuko. Migori ni nchi ya dhahabu, kuanzia Macalder hadi mashimo ya wachimbaji wadogo wa Nyatike. Watu wa kule huuliza: dhahabu iliyo chini ya shamba langu ni ya nani? Kurasa za madini nilizozipitia zilizungumza na mwekezaji: leseni, kodi, hisa. Ni nadra kumweleza mwanakijiji kwamba madini yote ni mali ya umma, na kwamba Sheria ya Madini ya 2016 yagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Ndugu zetu wa Kwale wanaijua vyema hadithi ya hiyo kumi, kwa sababu ya titani.

Pili, lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba chasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mbona basi mjane atafute mpita njia wa kumfasiria haki yake?

Tatu, ukurasa mmoja haumfai kila mtu, wala haufai milele. Mjane Mwislamu wa Lamu akisoma makala ileile ya mama wa Homa Bay anaweza kupotea. Kifungu cha 2 cha sheria hiyohiyo chasema mirathi ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi ina nafasi yake kikatiba. Makala isiyotaja hilo imemsahau Mpwani. Tena sheria hubadilika. Mahakama ya Madai Madogo ilipoundwa mwaka 2016, kikomo cha dai kilikuwa shilingi 200,000. Mwaka 2020 kikapandishwa hadi milioni moja. Makala ya zamani isiyo na tarehe itamfanya anayedai laki tano aamini mlango umefungwa, ilhali uko wazi.

Basi msomaji wangu, zisome kurasa hizi, zina faida. Ila tazama tarehe kwanza. Jiulize kama sheria inayotajwa yakuhusu wewe. Hakikisha kifungu kwenye tovuti ya Kenya Law, ambako sheria na hukumu husomwa bure. Na kama huna uwezo wa kulipa wakili, uliza kuhusu huduma ya taifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Nanyi mawakili, andikeni kwa Kiswahili, wekeni tarehe, na jibuni swali lote mahali pamoja. Mteja aliyeelewa atawapigia tu.

Mama yule nilimshauri asingoje. Aende masjala ya mahakama hapo Homa Bay, na cheti cha kifo na barua ya chifu, kabla shemeji hajapokea hata arbuni. Aliandika "kifungu 66" kwenye karatasi ya kufungia omena, akaikunja, akaitia kwenye kibeti.