Jina la Mungu katika majina yetu



Majuzi, baada ya mafundisho ya ubatizo, mama mmoja kijana alibaki nyuma, mtoto mgongoni. Kwenye fomu mume wake alikuwa ameandika Anitha Habonimana, hilo la pili likiwa jina la babu mzaa baba. "Padre, naomba ulifute," akaniambia. "Andika Anitha na jina la baba yake, basi." Nikamuuliza kwa nini. Akaangalia chini. "Atasumbuliwa, Padre. Watasema ni Mrundi."

Kama unaishi Kakonko, Kibondo au Kasulu, huhitaji maelezo. Wewe wa mbali nikueleze kidogo. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na majina yetu ni yale yale. Wakati wa Wajerumani tulikuwa koloni moja. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia sisi tukabaki Tanganyika chini ya Waingereza, wenzetu wakawa chini ya Wabelgiji. Tangu hapo wakimbizi wamevuka mara nyingi, na majina ya Nduta, Mtendeli na Nyarugusu yanajulikana mbali. Kwa hiyo Muha anayeitwa Hakizimana huulizwa babu yake alizaliwa wapi, na nani anamfahamu. Kijana mmoja wa kigango chetu alirudishwa ofisini mara tatu. Nchi ina haki ya kuwajua raia wake, sibishani na hilo. Ninaandika kwa sababu ya kile tunachokifuta.

Imana ndilo jina ambalo wazee wa Buha walimwita Mungu Muumba kabla padre yeyote hajafika huku. Tusidanganyane, mizimu nayo ilikuwepo, na walitambika. Lakini angalia jina walilompa mtoto ili aitwe kila siku. Hakizimana: anayeponya ni Mungu. Ntakirutimana: hakuna kinachompita Mungu. Havyarimana: anayezaa ni Mungu. Mara nyingi nyuma ya jina kuna kisa: mtoto aliyenusurika, mama aliyekaa miaka bila kuzaa, mtu aliyedhulumiwa shamba naye hana shahidi. Huyo wa mwisho ndiye angemwita mwanawe Habonimana, anayeona ni Mungu. Fungua Mwanzo sura ya 16, umsome Hajiri, mjakazi mjamzito aliyekimbilia jangwani. Naye alimtaja Mungu kuwa ndiye anayemwona. Na jina la Mikaeli ni swali, nani aliye kama Mungu? Ntakirutimana ni jibu lake.

Wapo vijana wanaoona afadhali kuitwa Ndayizeye au Ndayishimiye, jina analolibeba Rais wa Burundi wa sasa, kwa kuwa angalau humo neno Imana halisikiki. Limo! Ile "yi" ya katikati inasimama mahali pa Imana: ninamtumaini Yeye, ninamshukuru Yeye. Niyonzima vivyo hivyo, ndiye aliye hai. Seminarini nilipofundishwa kwamba "Yo" ya Yohana na "ya" ya Isaya ni jina la Mungu la Kiebrania lililofupishwa, nilicheka peke yangu darasani. Jambo hilo nililikuta nyumbani kwetu. Katika Luka sura ya kwanza majirani wanataka mtoto aitwe Zakaria, Bwana amekumbuka; wazazi wanashikilia Yohana, Bwana amefadhili. Kwa vyovyote vile mtoto yule angelibeba jina la Mungu.

Nina kosa la kuungama hapa. Mwaka wangu wa kwanza wa upadre nilimwambia mzee mmoja kwamba Ntakirutimana si jina la Kikristo, amtafutie mjukuu jina la mtakatifu. Alitii, maskini. Sheria ya Kanisa ya 1917 ndiyo iliyomtaka paroko ahakikishe jina la Kikristo, au aongeze la mtakatifu. Ile ya 1983, kanuni ya 855, inakataza tu jina lisilopatana na hisia ya Kikristo. Mimi nilipadrishwa chini ya hii ya pili, na nilikuwa nimeisoma.

Waamini wengine huniambia Imana ni mungu wa wapagani. Huwa nawauliza: na neno Mungu je? Ni la Kibantu, ndugu wa Mulungu wa Wagogo, nalo lilitamkwa huku kabla ya Injili. Rwanda wamisionari walianza kwa kulikwepa jina Imana wakaazima Mungu ya Kiswahili. Leo Misa ya Kinyarwanda inamwita Imana. Wakristo wa Kiyoruba kule Nigeria huwaita watoto wao Oluwaseun, yaani ashukuriwe Bwana, na hawaoni haya.

Ninachowaomba wazazi ni hiki: msilifute jina hilo kwenye daftari la ubatizo. Familia nyingi za vijijini hazina cheti cha kuzaliwa cha babu, na daftari la parokia ni kati ya maandishi machache yanayoonyesha tumekaa wapi tangu lini. Mjukuu akiliacha jina la babu, atathibitishaje kwamba yule Habonimana aliyebatizwa hapa ni wake?

Nilimweleza mama yule hayo yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Padre, siku akiitwa kuhojiwa, wewe hutakuwa naye." Sikuwa na jibu. Nikamuuliza kama anajua kwa nini mkwewe aliitwa Habonimana. Hakujua. Akasema atamuuliza bibi wa mtoto, ambaye bado yu hai. Ubatizo ni Jumapili ijayo. Fomu iko mezani kwangu, na sijafuta kitu.