UCHOVU WA KANSA SI UVIVU

Ndugu wafanyakazi wa Kinakomba, Hola, Garsen na Tana yote,

Kuna neno moja linalotumika sana makazini, nalo ni neno "mvivu". Mfanyakazi amerudi baada ya miezi ya kutibiwa kansa. Nyapara anamtazama: mikono anayo, miguu anayo, nywele zimeanza kuota tena. Basi anampa jembe lile lile na kipande kile kile cha zamani. Saa nne asubuhi mtu huyo ameketi chini ya mwembe, hawezi kuinuka. Hapo neno linatoka: "Huyu amekuwa mvivu, anajificha nyuma ya ugonjwa." Chama chetu kinasema wazi: neno hilo ni uongo, na uongo huo unawatoa watu kazini.

Yafaa kila mtu aelewe uchovu huu ni kitu gani. Uchovu wa kulima twaujua sote. Ukilala usiku, asubuhi umekwisha. Uchovu wa kansa hauondoki kwa usingizi. Mgonjwa hulala usiku kucha akaamka kama mtu aliyekesha. Unatoka katika ugonjwa wenyewe, katika dawa kali zinazotiwa mshipani, na katika mionzi. Dawa hizo zinapigana na kansa, lakini mara nyingi hupunguza damu pia, na damu ikipungua nguvu hupungua. Ongeza maumivu, kukosa hamu ya chakula, na mawazo ya usiku. Na jambo ambalo matajiri hawapendi kulisikia ni hili: uchovu huo haukomi siku daktari anaposema matibabu yamekwisha. Kwa wengi huendelea miezi, na kwa wengine miaka.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetumika miezi 2 mfululizo ruhusa ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Jumla siku 14. Lakini mionzi mara nyingi hutolewa siku 5 kila juma. Mionzi ya majuma 5 ni siku 25 za kwenda hospitali. Dawa za mshipani nazo mara nyingi hutolewa kila baada ya majuma 2 au 3, kwa miezi. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili aweza kuifanya. Siku za sheria zinakwisha matibabu yakiwa njiani, na uchovu haujahesabiwa bado.

Sisi wa Tana tuna hesabu nyingine juu ya hiyo. Kinakomba hakuna mashine ya mionzi. Matibabu ya kansa twayafuata Garissa, Mombasa au Nairobi. Mto ukifurika, kama mwaka 2023 na 2024, barabara hukatika na mgonjwa hukwama. Kila mwezi twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Bima hiyo ni ya kulipa hospitali. Nauli, chakula cha njiani na mshahara wa siku iliyopotea vyatoka mfukoni mwa mgonjwa.

Tajiri atajibu: "Mimi si hospitali, na shamba halingoji mtu." Twamjibu hivi. Hatuombi mtu alipwe kwa kukaa. Twataka apewe kazi inayolingana na nguvu alizo nazo. Madaktari wenyewe wanasema mgonjwa asilale kutwa. Kutembea kidogo kidogo kila siku ni katika mambo yanayosaidia sana kupunguza uchovu huu. Basi kazi nyepesi kwa saa chache inaweza kumrudisha mtu, na kazi ya kipande kizima kwenye jua inamwangusha. Tajiri anayemfukuza mtu wa miaka 20 kazini anatupa ujuzi wa miaka 20, kisha anaanza kumfundisha mgeni. Ni faida gani hiyo?

Sisi wa upande huu tuna sababu ya kutoamini upesi maneno ya wenye amri juu ya mwili wa mfanyakazi. Hapo Hola, tarehe 3 Machi 1959, watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa mpaka kufa kwa kuwa hawakukubali kufanya kazi ya kulazimishwa. Habari ya kwanza iliyotolewa na serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Hatusemi kwamba nyapara wa leo ni muuaji. Twasema kwamba mwili wa mfanyakazi usielezwe na yule anayetaka kazi yake tu. Aulizwe mwenye mwili, na aulizwe daktari.

Wako pia wafanyakazi wenzetu wanaocheka. Hao twawakumbusha kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na wanawake wana shida mara mbili: mama akishuka garini kutoka hospitali, mtungi, kuni na watoto vinamngoja mlangoni. Wanaume wa nyumba hiyo wateke maji. Si aibu.

Kwa ndugu mgonjwa twasema haya. Mwambie daktari habari za uchovu wako kama unavyomwambia habari za maumivu, usingoje akuulize. Omba damu ipimwe, kwa sababu upungufu wa damu una matibabu, na hapa kwetu malaria nayo huipunguza. Andika katika daftari ni saa gani una nguvu na saa gani huna, ufanye lililo kubwa katika saa njema. Pumzika mara nyingi kwa muda mfupi kabla hujaishiwa kabisa. Tembea asubuhi au jioni jua likiwa pole. Kula kidogo kidogo, kunywa maji. Lakini ukiwa katika dawa za kansa ukapata homa, au pumzi ikakubana, au ukatokwa na damu, usijitibu nyumbani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wala usikae peke yako na mawazo. Mombasa iko Coast Hospice, na Nairobi iko Faraja Cancer Support Trust iliyoanzishwa mwaka 2010, ambayo huwapa wagonjwa wa kansa na jamaa zao ushauri na msaada. Ukipelekwa miji hiyo kwa matibabu, waulize wauguzi jinsi ya kufika huko.

Na jambo la mwisho kwako: usiitikie peke yako ukiitwa ofisini. Kifungu cha 41 cha sheria ile ile kinasema kwamba kabla ya mfanyakazi kuachishwa kwa sababu ya udhaifu wa mwili, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama anayemchagua mwenyewe, na asikilizwe. Karatasi usiyoielewa usiitie sahihi. Mwite mjumbe kwanza.

Siku 14 za sheria ni kiwango cha chini tu. Makubaliano baina ya chama na matajiri yaweza kupita hapo. Kwa hiyo twataka yafuatayo yaandikwe katika makubaliano yajayo:

1. Ruhusa ya ugonjwa kwa mgonjwa wa kansa ifuate muda wa matibabu kama alivyoandika daktari.
2. Kurudi kazini kuwe kwa hatua: saa chache na kazi nyepesi kwanza, bila kupunguziwa cheo.
3. Siku za kwenda kupimwa baada ya matibabu zisikatwe mshahara.
4. Kila mahali pa kazi pawe na kivuli na mahali pa kupumzika.

Matajiri hawatatuletea haya katika sahani. Kila tawi liyajadili katika mkutano wake, na kila mjumbe awajue wagonjwa wa mahali pake pa kazi. Leo ni mwenzako, kesho hujui ni nani.

Umoja ni nguvu.