Waridi la Naivasha na Harusi Zetu

Nathubutu kusema kwamba kuna mambo machache ambayo sisi Wakenya tunajipunja kwayo kama maua. Waridi humea Naivasha, kilomita tisini hivi kutoka Nairobi. Hunyweshwa maji ya ziwa letu, hukatwa na mikono ya binti zetu, kisha likapandishwa ndege kwenda Uholanzi. Bibi harusi wa Amsterdam hulipata likiwa bichi. Bibi harusi wa Nakuru, ambaye kwao na shamba ni pua na mdomo, huingia kanisani na shada la plastiki la kukodi, au na maua halisi yaliyowatoa wazazi wake jasho. Jambo hili si la kunyamaziwa.

Najua nitaambiwa kuwa maua ni anasa ya Wazungu, na mtu mwenye akili angeyaacha kabisa. Anayesema hivyo hajapata kuhudhuria harusi ya Pwani. Lamu, Mombasa na Unguja, harusi bila koja la asumini au kikuba cha mrehani na waridi ni harusi iliyopungukiwa. Asumini huchumwa alasiri ikingali vitumba, ikatungwa uzini, ili ifunguke usiku na kunukia. Na hununuliwa wapi? Aghalabu kwa yule yule aliyeichuma na kuitunga. Basi hili ninalolipigania, la kununua ua kwa mwenye shamba, si geni kwetu. Tulilijua, tukalisahau tulipoanza kuona haya kuuliza bei.

Nimekaa katika kamati nyingi za harusi, maana mwalimu mstaafu hudhaniwa hana kazi. Katika mojawapo, mpambaji alileta karatasi yenye mstari mmoja: mapambo ya maua, shilingi 120,000. Nikauliza ni mashina mangapi na kila shina ni shilingi ngapi. Nilitazamwa kana kwamba nimetukana. Nikajibiwa kwamba mambo hayo hayahesabiwi hivyo. Mimi nimefundisha hesabu miaka mingi, na sijaona kitu kinachouzwa ambacho hakihesabiki. Kamati ikaona aibu kwa niaba yangu, ikalipa. Baba wa bibi harusi aliongezea kwa mkopo wa chama cha akiba, na alikuwa bado anakatwa mshahara mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa. Wahenga walisema penye urembo ndipo penye ulimbo, na ulimbo huo humnasa mzazi.

Sasa linganisha na wenzetu. Kule Aalsmeer, Uholanzi, kuna mnada mkubwa wa maua ambao Wakenya wengi wanaujua kwa jina tu. Katika mnada huo bei huanzia juu na kushuka, na anayebonyeza kwanza ndiye anayechukua mali. Tajiri anayenunua maelfu ya mashina huiona bei kwa macho yake. Ila yule mama wa Gilgil, anayetaka mashina mia mbili tu, huonyeshwa neno "mapambo" na kutakiwa afungue mkoba.

Mwezi wa Aprili 2010 jivu la volkano ya Iceland lilizuia ndege za Ulaya, na maua yetu yakatupwa. Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga masoko, yakatupwa tena kwa malori, na wafanyakazi wengi wakarudishwa nyumbani. Mara zote mbili tuliambiwa kwamba soko limekosekana. Soko gani? Naivasha, Nakuru na Nairobi watu walikuwa wanaoana mwaka 2010, na baada ya marufuku ya mikusanyiko ya 2020 kulegezwa wameendelea kuoana. Mkulima aliyejenga daraja la kufika Aalsmeer lakini hana hata kijia cha kufika mjini kwake amejiwekea mayai yote katika kapu moja, na kapu lenyewe lipo angani.

Dawa ipo, tena ni nyepesi. Simu iliyomo mfukoni mwako ina intaneti, na tangu mwaka 2007 tumekuwa na M-Pesa ya kutumiana fedha. Wako wakulima wanaopokea maagizo kwa njia hiyo, wakiwemo wadogo wa Nyandarua na sehemu nyingine za nyanda za juu. Mtafute mmoja mapema, mwezi mzima kabla ya siku. Mwulize urefu wa shina, maana waridi huuzwa kwa sentimita, na shina la 40 hugharimu chini ya lile la 60. Kwa meza za wageni la 40 latosha kabisa. Mwulize pia shamba liko wapi, kwa kuwa waridi la mwinuko mkubwa hukua polepole na kutoa kichwa kikubwa zaidi. Lipa nusu, na nusu uilipe ukiyaona maua. Asiyekubali masharti hayo, mwache, kwa kuwa matapeli wa mitandaoni hawapendi kungoja.

Maua yafike siku mbili kabla. Kata ncha ya kila shina kwa mshazari, ondoa majani yatakayozama majini, yaweke katika ndoo safi mahali penye ubaridi na kivuli. Usiyaweke karibu na ndizi mbivu, maana matunda yaivayo hutoa hewa inayozeesha maua. Hiyo ndiyo elimu yote inayohitajika. Shangazi wanne na wasichana sita, kwa jioni moja, watafunga mashada ya kanisa zima, na watacheka zaidi ya walivyowahi kucheka katika kikao chochote cha kamati.

Wapambaji watalalamika kwamba nawanyang'anya riziki. Mgala muue na haki mpe: kazi ya mikono yao ni kazi, na wengi wao wana kipaji. Nami nasema walipwe kwa kazi hiyo, waziwazi, kama fundi cherehani anayeletewa kitambaa na mwenye nguo. Fundi hakasiriki ukijinunulia kitambaa. Kinachonikera ni ile faida iliyofichwa ndani ya ua, ambayo mzazi huilipa bila kuijua.

Nanyi wakulima wakubwa, msijifiche nyuma ya mikataba ya ng'ambo. Mnatumia maji ya nchi hii na ardhi yake, na zaidi ya watu 100,000 huajiriwa katika kazi hii, wengi wao wanawake. Tangazeni bei zenu kwa shilingi, mahali ambapo kila mtu ataziona. Uzeni kisanduku cha mashina mia moja kwa raia wa kawaida, hata kama faida ni ndogo. Siku anga litakapofungwa mara ya tatu, wateja hao wadogo ndio watakaobaki mlangoni kwenu.

Kwa vijana mnaotaka kuoana nina ombi moja. Kamati ikikuleteeni karatasi yenye neno "mapambo" na tarakimu kubwa mbele yake, ulizeni: mashina mangapi, kutoka wapi, kwa bei gani? Msione haya. Ndoa itakuwa na maswali ya fedha magumu kuliko hilo, na heri mzoee kuyauliza pamoja kabla ya siku ya harusi. Yule binti akataye waridi Naivasha naye ataolewa siku moja. Ningependa siku hiyo abebe ua alilolipanda na kulikata mwenyewe, bila baba yake kukopa senti.