Mzee Akirudi Kazini, Tuulize Nani Amemrudisha



Vijana wetu wana lalamiko, nasi hatulipuuzi. Wanasema kwamba wazee wamekataa kupumzika. Mwalimu hustaafu akiwa na miaka 60, akaagwa kwa hotuba na maombi, na kabla ya mwaka kwisha yumo darasani tena, ameajiriwa na bodi ya shule kwa ujira mdogo ambao kijana aliyehitimu chuoni angeupokea kwa mikono miwili. Mvuvi aliyekwisha kuwaachia wanawe mashua huonekana tena usiku ziwani, taa mbele, upepo wa Rusinga mgongoni, akiwinda omena. Bibi aliyestahili kivuli yuko juani akianika samaki. Mbona hawatupishi?

Swali ni la haki, ila limeelekezwa kwa asiyestahili kuulizwa.

Wako wazee wanaorudi kazini kwa hiari yao, na hao tunawaheshimu. Kalebu alipotimiza miaka 85 hakuomba kiti, aliomba apewe nchi ya milima akaipiganie. Jaramogi Oginga Odinga alikaribia miaka 80 alipojiunga na wenzake kuanzisha FORD mwaka 1991, na mwishoni mwa 1992 watu wa Bondo wakamrudisha Bungeni, mahali ambapo sauti yake haikuwa imesikika tangu 1969. Hakuna aliyemlazimisha. Nayo Torati iliwaamuru Walawi waache utumishi mzito wafikapo miaka 50, huku ikiwaruhusu kuwasaidia ndugu zao katika ulinzi wa hema. Msomaji na aisome tena sura ya nane ya kitabu cha Hesabu: mzee hatupwi, wala habebeshwi tena mzigo wa kijana.

Lakini wengi tunaowaona hawafanani na Kalebu. Wamerudishwa, na aliyewarudisha ana anwani.

Tuikumbuke habari ya walimu. Mwaka 1997, uchaguzi ukibisha hodi, serikali ilitia saini mapatano na chama cha walimu kuongeza mishahara kwa awamu katika miaka mitano. Awamu ya kwanza ikalipwa, kisha serikali ikageuza uso, na mwaka uliofuata walimu wakagoma. Waliokuwa wakistaafu katika miaka hiyo walihesabiwa pensheni kana kwamba mapatano hayakuwapo. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Nakuru ikawapa haki. Walikuwa wapatao 52,000. Miaka mingi baada ya hukumu wengi wao walikuwa wangali wakidai, na wengine walizikwa wakidai. Mwalimu wa namna hiyo akishika chaki tena, tusimwambie kwamba ana tamaa. Anafanya kazi mara ya pili kwa sababu hajalipwa ile ya kwanza.

Huyo angalau ana karatasi ya kudai. Mvuvi hana. Mwaka 1965 Kenya iliunda Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, lakini ilijengwa juu ya mshahara: mwajiri akate, naye aongeze chake. Nani amkatie mvuvi, ambaye mwajiri wake ni ziwa? Mwaka huo huo wa 1965 ulitolewa Waraka wa Bunge Nambari 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika, ulioandaliwa na wizara ya Tom Mboya. Ulitaja wajibu wa kila mtu kwa mwenzake kuwa nguzo ya mila zetu: kila mmoja achangie kwa kadiri awezavyo, na jamii isimwache. Mboya mwenyewe alikulia katika vyama vya wafanyakazi, akauawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na miaka 38, umri ambao mtu hajaanza hata kuiwaza pensheni. Kaburi lake liko Kasawanga, hapa Rusinga. Viongozi huja kuweka mashada, na njiani huwapita wazee wenye nyavu mabegani.

Katiba ya 2010 inamwita mzee mtu aliyepita miaka 60. Kifungu cha 57 kinaitaka Dola ihakikishe kwamba anaishi kwa heshima na kupata matunzo ya kufaa kutoka kwa jamaa zake na kutoka kwa Dola yenyewe. Vyema. Lakini ruzuku ya Inua Jamii, iliyoanza kuwalipa wazee wote kwa misingi ya umri mwaka 2018, humfikia aliyetimiza miaka 70, nayo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, tena mara nyingi huchelewa. Kati ya 60 na 70 kuna miaka kumi ambamo sheria imekiri kwamba mtu ni mzee na hazina haijamwona. Miaka hiyo kumi ndiyo inayomrudisha ziwani.

Na harudi kwa ajili ya tumbo lake peke yake. Ukimwi uliikata jamii ya ufuo huu katikati, ukawaacha nyanya na wajukuu, na walio katikati wakalala makaburini. Karo, sare na unga vikawaangukia watu waliodhani wamemaliza kulea.

Kwa hiyo kwa vijana tunasema hivi: waliosogeza umri wa kustaafu katika utumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009 hawakuwa wazee wa Rusinga. Kazi mnayoikosa haikuchukuliwa na bibi anayeanika omena. Ninyi na yeye mna mdai mmoja na mdaiwa mmoja, na mdaiwa hufurahi sana mnapogombana.

Tunataka pensheni ilipwe mwezi uo huo mtu anapostaafu. Tunataka ruzuku ishuke hadi miaka 60, kama Katiba inavyohesabu. Watakaokuja kuomba kura mwaka 2027 waulizwe mambo hayo mawili kwanza, hadharani, na majibu yao yaandikwe.

Makanisa nayo yasingojee. Mjane mwenye haki ya pensheni ya mumewe hukwama kwa sababu ya cheti cha kifo, barua ya chifu, au jina lililoandikwa kwa herufi tofauti katika kitambulisho. Katika kila usharika wa Rusinga na Mbita hakosekani mstaafu aliyewahi kuwa karani au mwalimu mkuu, anayezijua fomu hizo. Na apewe meza baada ya ibada, kalamu, na nauli ya kufika Homa Bay kufuatilia majalada.