Mpige Picha Angali Hai



Mbwa wetu alipokufa, watoto waliomba tumpelekee mchoraji picha yake. Katika simu nilikuwa na moja tu, ya usiku, nimempiga kutoka juu, macho yanawaka kama taa. Mchoraji alifanya alichoweza. Mtoto wangu mdogo akaitazama ile kazi, akasema: "Mama, huyu si wetu." Alisema kweli.

Mchoraji huchora anachokiona. Basi fanyeni hivi mapema.

Piga asubuhi au jioni. Hapa Kisangani tuko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, na macho ya mnyama yanazama kivulini. Siku ya mvua, mweke mlangoni, uso uelekee nje. Taa ya simu usiiwashe.

Futa kioo cha kamera kwa kitambaa. Piga magoti, simu iwe sawa na macho yake. Usimsogelee mno, pua itavimba. Mtoto ashike kipande cha samaki karibu na simu, naye atatazama.

Piga tatu: uso, ubavu, na mwili mzima mpaka miguu na mkia. Kwa basenji, mbwa wetu wa Kongo, mikunjo ya paji la uso na mkia uliojikunja ndiyo sura yenyewe.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, ili picha isipoteze ubora.

Paka wetu nimeshampiga juzi, pale mlangoni. Na wako, mama?