Seva Tatu, Ghala Moja

Safu yetu hupenda kuanza na neno. Neno la leo ni ghala, na funzo lake tulilipata Bustan.

Bustan ni kijiji cha Maskati kilichokaa baina ya mlima na bahari. Huko aliishi bibi mmoja aliyekulia Unguja, ambaye chama chetu kilimrekodi akisimulia maisha ya shamba, harusi za zamani na safari ya kuja Oman. Alipofariki, mjukuu wake alituomba sauti ile ili jamaa waisikie siku ya hitma. Ilitubidi tumwambie asubiri. Seva zetu tatu zilikuwa zima zote, na hata moja haikuweza kuifungua rekodi.

Seva hizo zimeunganishwa kuwa kundi moja. Ndani yake zinaendeshwa mashine pepe, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu tu: moja ya kamusi yetu, moja ya rekodi, na nyinginezo. Seva moja ikizimika, mashine pepe zake huwashwa upya kwenye seva nyingine. Ili hilo liwezekane, tuliziweka diski za mashine hizo nje ya seva, kwenye ghala la pamoja linalofikiwa na seva zote. Lakini njia ya kwenda ghalani ilipita kwenye swichi moja, na swichi hiyo ndiyo iliyoungua. Tulinunua seva tatu tusitegemee kitu kimoja, kisha zote tatu tukazitegemeza kwenye kitu kimoja.

Sasa tunapanga upya, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, hesabu kazi kabla ya nafasi. Mwenzetu alipendekeza diski 8 za kuzunguka, kila moja terabaiti 4. Zikipangwa kwa jozi, kila diski na pacha wake, tunabaki na terabaiti 16. Nafasi tele! Lakini diski ya namna hiyo huhudumia maombi kama 80 kwa sekunde. Zote nane ni 640. Mashine pepe 20, kila moja ikiomba mara 50 kwa sekunde, zinahitaji 1,000. Tena kila kinachoandikwa huandikwa mara mbili, kwenye diski na kwa pacha wake, kwa hiyo uwezo unapungua zaidi. Afadhali mashine pepe zikae kwenye diski za SSD, ambazo ni ghali lakini zina kasi, na rekodi, ambazo husikilizwa kwa nadra, zibaki kwenye zile za kuzunguka.

Pili, njia ziwe mbili. Swichi mbili, kila seva iwe na kebo kwa kila swichi, na ghala lenyewe liwe na vidhibiti viwili na vyanzo viwili vya umeme. Shika kidole juu ya kila kifaa kwenye mchoro na uulize: hiki kikifa, nini kinasimama?

Tatu, ghala la wengi linataka kufuli. Mfumo wa kawaida wa mafaili hudhani una mwenye mmoja. Seva mbili zikiandika pamoja, data huharibika. Mifumo kama VMFS, GFS2 na OCFS2 hutengenezwa ili seva zipeane zamu. Na idadi ya seva tatu ina faida yake: mawasiliano yakikatika, mbili zilizobaki pamoja ndizo wengi, huendelea, ile ya peke yake husimama, isije ikaandika juu ya kazi ya wenzake.

Nne, ghala la pamoja si chelezo. Neno hili wanautarakilishi wamelichukua baharini, kwenye kitu cha kuelea, wakaliita nakala ya akiba. Faili likifutwa ghalani, limefutwa kwa seva zote papo hapo. Nakala ikae kwingine, na isiwe chumba cha pili cha jengo lile lile. Juni 2007 kimbunga Gonu kilijaza maji mitaa ya Maskati. Mafuriko hayachagui chumba. Tena nakala ijaribiwe kurudishwa, kwani isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Mjukuu wa yule bibi tulimpelekea rekodi siku mbili baada ya hitma. Alitushukuru kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyotuuma. Wazee wenye hadithi za namna ile wanapungua kila mwaka, na tukishawarekodi, sauti zao ni amana mikononi mwetu.

Mkutano ujao utaamua fedha zilizopo zitumikeje: diski zaidi, au swichi ya pili na nakala ya mbali. Sisi tumekwisha chagua. Njooni mtupinge kwa hesabu.